Gundi ya Fundi Viatu

Ilikuwa mwaka wa sabini na mbili. Hapana, naongopa, sabini na mbili ukumbi ulikuwa umefungwa, mafundi wanabadilisha mabati ya paa, na mimi nilishinda nyumbani miezi mitano nikila jasho la mke wangu. Ilikuwa sabini na tatu, msimu wa mvua. Nina hakika kwa sababu ya karatasi. Karatasi siku zile zilinyonya unyevu mpaka ukizikunja hazilii, zinalala tu kama kitambaa. Na habari ninayotaka kuieleza ni habari ya karatasi.

Ni habari ya rafiki yangu tuliyemwita Pazia. Kazi yake ilikuwa kuvuta kamba ya pazia katika ukumbi wa michezo ya kuigiza, miaka ishirini na tisa kamba ile ile, mpaka viganja vyake vikafanya mfereji. Mimi niliitwa Mlango, kwa kuwa nilikaa mlangoni, nachana tiketi na kuuza programu. Kwa asiyejua, programu ni kijitabu cha kurasa nane hivi, kina jina la mchezo, jina la mtunzi, na orodha ya waigizaji, nani anaigiza nani. Watu wanakinunua wakiingia, wanajipepea nacho, wakitoka wanakitupa. Asubuhi mfagiaji anajaza ndoo tatu.

"Mlango na pazia ni ndugu wa tumbo moja," alipenda kunitania. "Ila mimi nikifunga, watu wanapiga makofi. Wewe ukifunga, wanakutukania mama."

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne. Kusoma kwa kweli nilijifunzia pale mlangoni, kwa majina ya waigizaji, nikiyafuata kwa kidole kabla watu hawajafika. Ndiyo maana mpaka leo jina la mtu nalisoma haraka kuliko neno lingine lolote.

Pazia alikuwa na chumba kimoja nyuma ya karakana ya baiskeli. Kitanda, kiti kimoja cha mgeni, jiko la mafuta ya taa, na chini ya kitanda bati la biskuti, lile kubwa la mraba. Ndani ya bati aliweka programu, lakini si kila programu. Mchezo uliokwenda salama, watu wakacheka wakarudi makwao, hakuwa na haja nao. Aliweka za michezo iliyoleta ugomvi. Alikuwa na ya mchezo ambao hakimu anatokea pekupeku, ukasimamishwa siku ya pili. Alikuwa na ya mchezo ambao jina la mtunzi lilikatwa kwa wembe katika kila nakala, ukikiinua kijitabu unaona mwanga upande wa pili. Alikuwa na ya ule ambao watazamaji wa mbele walitoka kwa hasira, na mmoja akaondoka na mto wa kiti, haukurudi mpaka leo. Zilifika arobaini na moja. Watu wa kukusanya stempu nimewaona, na wa sarafu nimewaona. Mtu wa kukusanya ugomvi nilimwona yeye peke yake.

Na ndani ya jalada la kila moja aliandika kwa penseli, herufi ndogo kama sisimizi: "Pazia limeshuka lenyewe." Au: "Pazia limeshushwa kwa amri, dakika ya hamsini." Alisema mchezo ukishakatazwa kila mtu anajitia hamnazo, hata walioucheza, kwa hiyo lazima abaki mtu mmoja anayejua ulifika wapi.

Ila programu ya kwanza kabisa, ile iliyolianzisha bati, haikuandikwa hivyo. Hiyo ilikuwa ya dada yake.

Dada yake alikuwa mdogo kwake kwa miaka saba, na sisi pale ukumbini tulimwita Kicheko. Baba yao, fundi cherehani, aliambiwa binti anakwenda jioni kujifunza kupiga taipu. Kumbe anafanya mazoezi. Mchezo wenyewe ulihusu mke wa karani. Anafungua sanduku la mumewe, anakuta barua ambazo bwana huyo amewaandikia wanawake wengine. Anakaa ukingoni mwa jukwaa, anazisoma moja moja, anazikunja vizuri, anazirudisha. Akimaliza ya mwisho anacheka. Katika maandishi ya mtunzi imeandikwa: kicheko kifupi, pazia.

Siku ya mazoezi ya mwisho walialikwa wakubwa, kamati nzima ya ukumbi na wake zao. Sasa hapa lazima nieleze jinsi pazia linavyofanya kazi. Mvuta kamba haoni mchezo. Amesimama pembeni, mbele yake kuna taa ndogo ya kijani. Taa ikiwaka, anavuta. Hafikiri, hachagui, taa ikiwaka anavuta, basi. Taa ile iliwaka siku hiyo, na Pazia hakuvuta. Alikuwa ametoa kichwa amtazame dada yake. Binti naye, kwa kuwa pazia halishuki, akaendelea kucheka, afanye nini? Akacheka akiwatazama waliokaa mbele. Kicheko chake kilikuwa kizuri, kinaanza chini chini kama maji yanayochemka. Mke wa mwenyekiti wa kamati akacheka naye. Kisha mke wa katibu. Kisha wanawake wote wa safu ya kwanza, na waume zao wamekaa katikati yao wanatazama viatu.

Dakika mbili nzima, Pazia aliniambia baadaye. Taa inawaka, kamba imo mkononi.

Kesho yake kamati ikaamua. Mchezo uendelee, lakini binti yule aondoke, aje mwingine, na kicheko kifutwe. Mwingine huyo alikuwa shemeji yake katibu, aliyekuwa na sauti ya mtu anayeuliza bei. Tatizo likabaki moja: programu zilikuwa zimeshachapwa, nakala mia tatu, na jina la Kicheko limo, la pili kutoka juu. Mchapaji alikuwa ameshazipangua herufi zake za chuma na kuzirudisha kwenye masanduku. Basi wakachapa vikaratasi vyembamba vyenye jina jipya, wakaniletea mimi saa tisa mchana, nivibandike juu ya jina la zamani. Mlango unafunguliwa saa kumi na mbili.

Kazi hiyo niliijua. Haikuwa mara ya kwanza mtu kubadilishwa, wengine waliugua tu, wengine waligombana na mwongozaji. Desturi yetu ilikuwa kubandika kwa gundi ya unga. Unapika unga wa ngano na maji mpaka unakuwa kama uji mzito, unapaka kwa brashi. Na kila mtu wa ukumbi alijua kwamba gundi ya unga si ya milele. Ukiishika karatasi juu ya mvuke wa birika, kikaratasi kinajikunja chenyewe, na jina la chini linatoka zima. Waigizaji waliobadilishwa walifanya hivyo majumbani mwao. Ilikuwa kama heshima ndogo tuliyowaachia.

Pazia alinifuata kwenye chumba cha tiketi, uso umemshuka.

"Mlango, bandika kwa unga."

"Sasa nibandike kwa nini kingine?"

"Na moja usiibandike. Moja tu. Nifichie."

"Haya, nimekusikia."

"Usiseme umesikia. Sema utafanya."

"Nitafanya, bwana. Kwani mimi na wewe tumeanza kujuana leo?"

Nilikuwa nakusudia, Mungu ananijua. Lakini mvua ilikuwa inanyesha, na unga haukauki. Nilibandika ishirini, nikazipanga, nikazikuta zimeshikana zote kama mkate. Meneja akaja akasimama juu yangu, mikono kiunoni. Alikuwa mtu mwembamba mwenye kikohozi, na nilikuwa na mwezi mmoja tu tangu anirudishe kazini. Nikataka kumwonyesha kuwa mimi ni mtu wa maarifa. Ng'ambo ya barabara alikaa fundi viatu. Nikavuka mbio na mvua yangu, nikaazima kopo lake la gundi, ile ya manjano inayopanda kichwani. Hiyo inashika soli ya buti, sembuse karatasi. Inakauka unapohesabu tano.

Meneja akafurahi. "Umeona?" akasema. "Mtu akitumia akili."

Nikafurahi na mimi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilifurahi.

Ile moja nilikuwa nimeitenga dirishani, chini ya daftari la tiketi. Meneja alipotaka kuandika jambo akalivuta daftari, akaiona. Hakugomba. Alinitazama tu, kisha akaisogeza mbele yangu kwa kidole kimoja. Nikaipaka gundi. Nikakiweka kikaratasi, nikakikandamiza kwa dole gumba, kwa nguvu kuliko zote mia mbili tisini na tisa, kwa sababu yeye alikuwa anatazama.

Mlango ulipofunguliwa nikamwona Kicheko mwenyewe kwenye foleni, amejifunika mtandio mpaka kwenye nyusi. Akanunua programu kama mtu baki. Akaifungua, akapitisha kidole juu ya kile kikaratasi, taratibu.

"Nani amebandika?" akaniuliza.

"Ofisi," nikasema.

Akanirudishia kijitabu. "Kiuze tena, kaka. Bado kipya." Akatoka, hakuingia ndani. Wiki ile ile baba yake alipata habari ya taipu ilivyokuwa, akachoma picha zake zote, na binti akahamia mji mwingine. Sikumwona tena.

Na Pazia nilimwambiaje? Nilimpa ile moja niliyoikandamiza. Nikamwambia, "Ndugu yangu, meneja aliniganda kama kupe, sikuweza kuficha hata moja wazi. Lakini hii yako nimeibandika kwa unga. Siku utakayotaka, chemsha maji."

Akaishika kwa mikono miwili. Hakuifungua mbele yangu. Alipoiweka kwenye bati, ndani ya jalada aliandika maneno matatu ambayo niliyasoma baadaye: "Taa iliwaka. Nilichelewa."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na miaka arobaini. Si kwamba nafasi haikuwepo. Kila Jumapili nilikwenda kwake, tunakunywa chai, analitoa bati, ananionyesha ugomvi mpya alioupata. Na kila mara, mwisho kabisa, anaitoa ile ya dada yake, haifungui, anaipangusa kwa kiwiko na kuirudisha.

"Ibandue basi ulione jina," nilimwambia mwaka mmoja, na sijui ni shetani gani alinituma, labda nilitaka limalizike.

"Siyo la kwangu kulibandua," akasema. "Atalibandua mwenyewe akija."

Hakuja. Alipata mume huko, akazaa binti mmoja, na binti huyo akiwa na miaka sita mama akafa kwa homa. Pazia alizipata habari mwaka mzima umepita. Siku hiyo aliisugua tu ile mifereji ya viganja vyake kama anayetaka kuifuta.

Basi, miaka imekwenda, sote wawili tumestaafu, ukumbi umeshageuzwa ghala la magodoro, siku moja Pazia akanitumia ujumbe: njoo Jumamosi saa nane, mpwa wangu amenitafuta na amenipata.

Nilimkuta amekaa kwenye kile kiti cha mgeni, mwanamke wa miaka kama thelathini na sita, mwalimu wa shule ya msingi, amevaa viatu vyake vizuri ambavyo vimeshapata tope. Ana paji la uso la mama yake. Alinisalimia, "Shikamoo baba," nikaitikia.

Akaeleza shida yake. Mama yake, kabla hajafa, alikuwa akimwambia kwamba aliwahi kuwa mwigizaji, jina lake liliandikwa kwenye kitabu. Upande wa baba walisema ni porojo za mgonjwa. Mambo yakalala. Sasa binti yake yeye, mwenye miaka kumi na mitatu, anataka kuingia kikundi cha maigizo cha shule, na amewaambia wenzake kuwa bibi yake alikuwa mwigizaji. Mashangazi wa mtoto wakamcheka mbele ya watu.

"Walisema bibi yake hajasimama popote maishani isipokuwa kwenye foleni ya mafuta ya taa," akasema. "Na kwamba uongo ni ugonjwa wa ukoo wetu. Mjomba, mtoto hajala vizuri wiki nzima. Mimi nataka karatasi moja tu. Nikaiweke mezani, wasome, wanyamaze."

"Ipo," Pazia akasema. "Imekungoja, mama. Mlango, tia maji kwenye birika."

Mimi ndiye niliyetia maji. Mimi ndiye niliyewasha jiko, kiberiti kikanizimikia mara mbili. Nilikuwa na muda, msidhani sikuwa na muda. Birika la Pazia lilikuwa la zamani, linachemka polepole. Ningeweza kusema, mwanangu, ngoja, usiishike kwenye mvuke, hiyo si unga, tutafute mtu mwenye dawa za kubandulia gundi ya aina hii, labda wapo. Maneno yalikuja mpaka kwenye meno. Nikayameza. Nilijiambia labda miaka arobaini imeilegeza. Mtu akitaka kujidanganya hakosi fundi.

Mvuke ukaanza kutoka. Pazia akampa mpwa wake programu, akamwonyesha namna ya kuishika, mbali kidogo, usiiunguze. Tukasubiri. Karatasi ikaanza kulainika na kukunjamana pembeni. Kikaratasi hakikusogea. Akaisogeza karibu zaidi. "Kivute taratibu," Pazia akasema, "kuanzia pembeni." Akakivuta kwa ukucha. Kikatoka. Kikatoka pamoja na karatasi ya chini yake, chote, kama ngozi ya kidonda, na upande wa nyuma kukawa na ganda la manjano, gumu, limeyala maandishi yote. Katika orodha ya waigizaji, la pili kutoka juu, pakabaki tundu. Kupitia tundu lile nikauona mwali wa jiko.

Birika likaendelea kupiga mluzi, hakuna aliyeliondoa.

Kisha Pazia akasema, sauti ya kawaida kabisa, "Kosa langu. Nimechelewa mno. Unga ukikaa miaka mingi hugeuka jiwe."

Mwanamke yule akakiangalia kile kijitabu mbele na nyuma. Hakulia. Akaniuliza mimi, labda kwa kuwa nilikuwa nimesimama karibu, "Baba, wewe ulimwona? Alicheza kweli?"

"Nilimsikia," nikasema. "Nilikuwa mlangoni. Alicheka mpaka na mimi nikacheka peke yangu kwenye chumba cha tiketi, na sikujua nacheka nini."

Akatabasamu kidogo. "Nitamwambia mtoto," akasema. Lakini tulijua sote watatu, mdomo wa mzee si karatasi. Mashangazi hawanyamazishwi na mzee wa mji mwingine. Akanywa chai nusu kikombe, akaaga, asije akachelewa basi lake. Programu aliiacha juu ya kitanda.

Nilibaki. Nikamwona Pazia anainama, analivuta bati, anairudisha mahali pake. Ndipo nikaona jambo ambalo nilikuwa nimeliona kila Jumapili kwa miaka arobaini bila kuliona. Mle ndani zilikuwamo programu nyingine tano sita zenye vikaratasi, zilizobandikwa kwa unga hasa, kwa mkono wangu. Zote zilikuwa zimetafunwa na mende pembezoni mwa kikaratasi, maana mende anapenda unga. Vijitabu vimekuwa kama kamba iliyoliwa na panya. Ile ya dada yake haikuwa na jino hata moja. Mende hali gundi ya fundi viatu.

Na huyu ni mtu aliyeishi nyuma ya jukwaa miaka ishirini na tisa, ambako mandhari yote ya turubai hushikwa kwa gundi. Anayejua harufu ya kila kopo. Aliyeipangusa programu ile kila Jumapili kwa kiwiko chake.

Majuto ni mjukuu, wamesema wazee. Wangu alichukua miaka arobaini kuzaliwa, na alipozaliwa akakaa pale kitandani, ananitazama.

Nilimwambia siku hiyo hiyo. Nikamwambia yote, mvua, meneja, kopo la manjano, dole gumba langu. Yeye alikuwa anafunika bati, akilipiga piga pembe zake kwa ngumi ili lifunge sawasawa, maana pembe moja ilikuwa imebonyea. Hakuinua uso. Alipomaliza akasema, "Chai imepoa, Mlango. Nikuwekee nyingine?" Nikasema niwekee. Tukanywa.

Aliishi miaka miwili na nusu baada ya hapo, na Jumapili zote nilikwenda. Bati sasa liko kwangu, chini ya kitanda changu. Ile ya Kicheko nimeiandikia jina lake kwa mkono wangu pembeni ya tundu, kwa kalamu ya wino, lakini najua haifai kitu, ni mwandiko wa mtu wa darasa la nne, na mashangazi wangecheka zaidi.

Jumapili ya mwisho nilipomkuta bado anaweza kukaa, nilimuuliza. Alikuwa amegeukia dirishani, upande wa karakana, anasikiliza watu wakigonga ringi. Nikamuuliza mara moja tu, na sikurudia, nikangoja mpaka jua likaondoka ukutani.

Pazia, ndugu yangu, tangu lini ulijua haikuwa unga?